Nakivale: Ngoma wanazo, bendera ya kuchezea hawana

ISINGIRO, Uganda

NAKIVALE ni mahali ambapo mtoto wa miaka kumi anaweza kujua hatua za ngoma za nchi tatu kabla hajafika hata mara moja mjini Mbarara. Hakuna shule ya ngoma iliyomfundisha. Jirani yake wa kushoto katoka Kivu, wa kulia katoka Burundi, na darasani anakaa dawati moja na mtoto wa Kinyankole ambaye baba yake ana ng'ombe ng'ambo ya kilima.

Makazi haya ya wakimbizi yako wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, wakati Watutsi walipokuwa wakiikimbia Rwanda, na yanahesabiwa miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo yana watu zaidi ya 180,000. Walio wengi ni Wakongo, kisha wapo Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na watu wa Sudan Kusini. Tangu kundi la M23 lilipoanza tena vita Kivu Kaskazini, wengine wamekuwa wakiingia kupitia Bunagana, wakalala siku kadhaa katika kituo cha Nyakabande huko Kisoro, kisha wakapandishwa mabasi kuletwa huku.

Kwa hesabu za Jumuiya ya Afrika Mashariki, karibu wote hao ni watu wa nyumba moja. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia 2024. Mikutano ya viongozi bado inajadili namna ya kuwakutanisha raia wa nchi hizo, na huku Nakivale wanapishana kisimani kila asubuhi wakiwa na madumu yao.

Lugha inayowaunganisha wengi ni Kiswahili. Ndicho wanachotumia sokoni, ndicho wanachogombania nacho zamu ya maji, na mtu akitaka kuwapanga watoto wa makabila mbalimbali katika mstari mmoja wacheze pamoja, atahesabu moja, mbili, tatu, nne kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Hapa Nakivale uamuzi huo ulikuta kazi imeshafanyika.

Pembe za ng'ombe

Mtu asiyezijua ngoma za ukanda huu anaweza kudhani kila kabila lina lake na hazikutani. Mfano wa kumsahihisha uko palepale Ankole. Ngoma ya Wanyankole, ekitaguriro, huchezwa mikono ikiwa imeinuliwa juu na kupindwa kama pembe za ng'ombe wao, huku miguu ikipiga ardhi na wanaume wakiruka. Ukivuka mpaka kuingia Rwanda, utawakuta wanawake wakicheza na mikono iliyonyanyuliwa vilevile, polepole zaidi, wakimsifu ng'ombe yuleyule wa pembe ndefu, ambaye Wanyarwanda humwita inyambo. Mipaka ya wakoloni ilimkata ng'ombe huyo vipande viwili, lakini mikono ya wachezaji haikupewa taarifa.

Kwa hiyo mtoto wa Kinyarwanda na mtoto wa Kinyankole wakisimamishwa pamoja uwanjani, hawahitaji maelezo mengi. Kinachotofautiana ni mwendo. Mmoja anatembea taratibu kama ng'ombe anayekwenda mtoni, mwingine anaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi.

Mtoto wa Kisomali analeta kitu kingine. Dhaanto, ngoma inayopendwa sana na Wasomali, hufuata mwendo wa ngamia: shingo mbele, mabega yakiyumba, wanaume na wanawake wakijibizana kwa nyimbo. Muethiopia wa Kiamhara atacheza eskista, ambayo kazi yake karibu yote ni ya mabega na kifua, miguu ikiwa imetulia. Mkongo atakuja na kiuno. Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, lakini kijana aliyekulia Goma au Bukavu hasubiri cheti hicho. Amejifunza kucheza katika kwaya ya kanisa, ambako hatua hupangwa kwa mazoezi makali kuliko ya vikundi vingi vya mjini, na anachokijua amekipata bure.

Hapo ndipo penye utajiri wa Nakivale. Ekitaguriro, dhaanto, eskista, intore na ngoma za Burundi zinapatikana katika eneo ambalo mtu mwenye baiskeli anaweza kulizunguka kwa siku moja. Mkusanyiko wa namna hiyo Kampala hulipiwa kiingilio.

Ngoma ya Warundi na mikono ya wasichana

Ngoma za Burundi zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndizo zinazovuta watoto wengi na ndizo zenye mgogoro.

Wapigaji hujipanga nusu duara. Katikati husimama ngoma iitwayo inkiranya, ambayo ndiyo inayotoa amri. Upande mmoja ziko amashakwe, zinazoshika mdundo mmoja bila kuyumba, na upande mwingine ibishikizo, zinazofuata mabadiliko ya inkiranya. Kila mpigaji hutoka kwa zamu, akaruka mbele ya wenzake, akazungusha fimbo, akarudi. Wanaingia uwanjani ngoma zikiwa kichwani na kutoka hivyo hivyo, wakiendelea kupiga. Zamani ngoma hizo zilikuwa za mfalme, zikilia wakati wa kupanda mtama na wakati wa kutawazwa. UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014.

Mwaka uliofuata, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangaza kugombea muhula wa tatu, maelfu ya Warundi walikimbia, na wengi wakafika Nakivale. Kisha Oktoba 2017 Rais huyo akatia saini amri kwamba ngoma hizo zipigwe na wanaume peke yao. Wanawake wakaruhusiwa kucheza tu, na vikundi vyote vikatakiwa kujiandikisha serikalini.

Amri hiyo haina nguvu Isingiro. Hakuna polisi wa Uganda atakayemkamata msichana wa Kirundi kwa kushika fimbo ya ngoma. Lakini desturi husafiri bila pasipoti, na wazee wa Kirundi walio uhamishoni wana hoja yao: wamepoteza mashamba, nyumba na makaburi ya wazazi, na ngoma ni miongoni mwa vitu vichache walivyobaki navyo kamili. Wakiibadilisha hiyo nayo, watoto watarudi Burundi na nini?

Hoja hiyo inaeleweka, ila haimsaidii msichana anayetaka kupiga. Rwanda, jirani wa karibu ambako ngoma nazo zilikuwa za wanaume, kikundi cha wanawake cha Ingoma Nshya kilianzishwa mjini Butare na msanii Odile Gakire Katese katika miaka ya 2000. Kiliwakusanya wanawake wa pande zote za mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wajane kwa wake za wafungwa, wakapiga ngoma zile zile walizokatazwa mama zao. Ngoma za Rwanda hazikufa kwa sababu hiyo. Zimezidi kujulikana. Mwalimu wa ngoma Nakivale anayemweka msichana nyuma ya inkiranya hafanyi jambo geni katika ukanda huu.

Anayebaki nje ya duara

Ni rahisi kusema kwamba ngoma za mtaani ni za wote kwa kuwa hazina kiingilio. Si kweli. Duara la ngoma lina mlango, na wapo wanaoachwa nje yake.

Wa kwanza ni msichana mwenye kazi. Saa kumi jioni, wakati uwanja unapopoa na wavulana wanaanza kukusanyika, msichana wa umri huohuo yuko kwenye foleni ya maji, au anatafuta kuni, au amembeba mdogo wake mgongoni. Programu inayopanga mazoezi saa hiyo imeshachagua wavulana hata kama tangazo lake linasema wote mnakaribishwa. Baadhi ya walimu wa jamii katika nchi zetu wamegundua dawa yake, nayo ni ndogo: mruhusu aje na mtoto mgongoni, na mazoezi yafanyike karibu na kisima.

Kwa familia za Kisomali kikwazo ni kingine. Kuna wazazi wasiokubali binti yao acheze mbele ya wanaume wasio wa ukoo wake. Kuwafokea hakusaidii. Chumba cha darasa kilichofungwa milango, mwalimu mwanamke na saa inayojulikana vinatosha kwa wengi wao. Kwa wazazi wa makanisa fulani ya kilokole ugumu uko kwenye ngoma zenyewe za asili, ambazo huonekana kama mambo ya mizimu. Ajabu ni kwamba makanisa hayohayo hucheza kuliko wote Jumapili.

Wenye ulemavu hawatajwi kabisa, au wanaletwa siku ya sherehe kupigwa picha. Hili halina udhuru, kwa sababu ngoma za ukanda huu ziko tayari kwao. Eskista huchezwa kwa mabega, na mtu anaweza kuicheza akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Ekitaguriro hubeba nusu ya uzuri wake mikononi. Kiziwi akisimama bila viatu karibu na ngoma za Kirundi anaupata mdundo kupitia ardhi.

Na watu wazima. Fedha zote za wafadhili zikitajwa ngoma huenda kwa watoto, huku mama wa miaka arobaini aliyetembea kutoka Masisi akiambiwa ajiunge na kikundi cha kuweka akiba. Vikundi vya akiba vina kazi yake. Lakini wanawake wa Kongo na Burundi wamekuwa wakicheza harusini na msibani tangu wakiwa wadogo, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba huo ni mchezo wa watoto. Mbarara, mwanamke mwenye umri huo atachezeshwa ekitaguriro katika kuhingira, sherehe ya kumtoa binti, na atatuzwa. Wapo pia wanaolipia mazoezi ya viungo kwa muziki. Mkimbizi aliye umbali wa saa moja na ushee anabaki na kanisa.

Walikopita wengine

Uganda haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 2005 watoto wa Shule ya Msingi Patongo, iliyokuwa ndani ya kambi ya watu waliokimbia vita vya LRA kaskazini mwa nchi, walifuzu kwenda mashindano ya kitaifa ya muziki, ngoma na maigizo ya shule mjini Kampala. Wengi wao walikuwa wamepoteza wazazi, na wengine walikuwa wametekwa na waasi wakatoroka. Walipofika Jumba la Taifa la Maigizo walicheza bwola, ngoma ya kifalme ya Waacholi, wakashinda tuzo ya ngoma ya asili. Filamu iliyotengenezwa kuhusu safari yao, War/Dance ya mwaka 2007, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Kilichowafikisha pale ni utaratibu wa kawaida wa Wizara ya Elimu, unaoanzia shuleni, ukapanda wilayani, kisha kanda, kisha taifa. Utaratibu huo ungalipo. Watoto wakimbizi wa Nakivale husoma shule moja na watoto wa wenyeji kwa mtaala wa Uganda, kwa hiyo hakuna sheria inayomzuia mtoto wa Kikongo kuiwakilisha Isingiro akicheza ekitaguriro, au mtoto wa Kinyankole kusimama nyuma ya ngoma ya Kirundi. Kinachowazuia ni nauli, mavazi, na mwalimu mkuu mwenye darasa lililofurika ambaye ngoma ni jambo la mwisho kichwani mwake.

Mfano wa pili ni Breakdance Project Uganda, ulioanzishwa Kampala mwaka 2006 na Abraham Tekya, anayejulikana zaidi kama Abramz. Mafunzo ni bure, na kanuni yake ni kwamba ukijifunza hatua unamfundisha mwingine. Kanuni hiyo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Programu inayotegemea mwalimu anayelipwa na mradi hufa siku mradi unapofungwa, lakini mahali ambapo kila mwanafunzi ni mwalimu, anayeondoka kwenda Marekani au kurudi kwao huwa ameshaacha wawili nyuma yake. Katika makazi ambako watu huhama kila mara, hakuna mpango mwingine unaoweza kudumu.

Ndere Troupe, kilichoanzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984, kilithibitisha jambo la tatu: kwamba Mganda anaweza kucheza ngoma ya kabila lisilo lake na akaicheza vizuri. Kikundi hicho hucheza ngoma za pembe zote za nchi, wachezaji wakibadilisha mavazi na lugha kwa usiku mmoja. Kwa nchi iliyokuwa ikitoka katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, hilo halikuwa burudani tu.

Isidhaniwe kwamba ngoma daima huleta amani. Wanyarwanda waliokimbia mwaka 1959 na baada yake walizitunza ngoma zao Uganda kwa karibu miaka 35, na katika miaka ya 1980 vikundi vya utamaduni vilisaidia kukusanya watu na michango kwa ajili ya harakati za kurudi nyumbani, ambazo baadaye zilikuwa vita. Ngoma hukusanya watu. Watakachofanya wakishakusanyika ni jambo la kuamuliwa.

Njaa na kamera

Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilieleza kwamba kwa kukosa fedha limewaondoa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda katika msaada wa chakula, wakabaki takriban 660,000 walio katika hali mbaya zaidi. Uganda ndiyo inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi yoyote Afrika. Fedha zikipungua, cha kwanza kukatwa ni kile kinachoandikwa katika bajeti kama huduma ya kisaikolojia na michezo kwa watoto, na ngoma imo humo.

Wapo watakaosema ni sawa: mwenye njaa achezeje? Swali ni la haki. Kuruka kama intore kwa saa moja kunataka uji tumboni, na mwalimu anayewachezesha watoto wasiokula tangu jana anafanya kosa. Lakini programu za ngoma si ghali. Ngoma hutengenezwa kwa mti na ngozi. Warundi huchonga zao kwa umuvugangoma, mti ambao jina lake linasema kazi yake, ule wa kuifanya ngoma iseme. Mahali pasipo na mti, watoto hugeuza dumu la plastiki lililotoboka wakapiga. Kinachogharimu ni muda wa mwalimu na chakula cha watoto, na bajeti iliyotenga fedha za fulana zenye nembo kabla ya uji imekosea mahali pa kuanzia.

Njia nyingine ya kutafuta fedha ni simu. Tangu Ghetto Kids wa Kampala walipocheza na wimbo wa Eddy Kenzo, Sitya Loss, mwaka 2014, na hasa baada ya kufika fainali ya Britain's Got Talent mwaka 2023, kila mwenye simu na kundi la watoto anaona bahati. Ghetto Kids wana mazoezi ya miaka, nyumba na walezi. Waigaji wengi hawana. Mtoto mkimbizi anapochezeshwa akiwa na nguo zilizochanika ili mtazamaji wa mbali aguswe na atume fedha, kinachouzwa ni umaskini wake. Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, wana haki ya kuuliza kila kamera inayoingia: mzazi ameridhia, na fedha zinakwenda wapi?

Tamasha la nchi, si la watu

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina tamasha lake la utamaduni, JAMAFEST. Lilianza Kigali mwaka 2013, likaenda Nairobi 2015, Kampala 2017, Dar es Salaam 2019 na Bujumbura 2022. Nchi wanachama huleta vikundi, kila kimoja chini ya bendera yake.

Hapo ndipo mchezaji wa Nakivale anapokwama. Uganda ikichagua vikundi vyake, itachukua baakisimba ya Waganda, bwola ya Waacholi, ekitaguriro ya Wanyankole. Burundi itatuma wapigaji waliojiandikisha wizarani. Kijana wa Kirundi aliyejifunza ngoma Isingiro, au binti wa Kikongo anayecheza intore na ekitaguriro kwa ustadi uleule, ambaye pengine ndiye mfano halisi wa kile Jumuiya inachosema inakitafuta, hayumo katika orodha ya yeyote. Kutengeneza nafasi kwa kikundi kimoja cha wakimbizi, kikaalikwa na sekretarieti yenyewe iliyoko Arusha, hakuhitaji mkataba mpya.

Mbarara nayo ina la kufanya. Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967 na haukurejeshwa kama wa Buganda au Bunyoro mwaka 1993, kwa hiyo ekitaguriro haina ikulu ya kuilea. Inalelewa na harusi, na shule, na Kituo cha Utamaduni cha Igongo kilichoko Biharwe, nje kidogo ya mji katika barabara ya Masaka. Mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020 una uwanja wa Kakyeka, una Chuo Kikuu, una wazee wanaoijua ngoma hiyo tangu zama za Omugabe. Watoto wa Nakivale wanaikuta shuleni ikiwa imefupishwa kwa ajili ya mashindano, dakika chache mbele ya majaji.

Tarehe 20 Juni kila mwaka, Siku ya Wakimbizi Duniani, wageni huenda makazini kuwatazama wakicheza, kisha hurudi mjini jioni. Safari ya upande wa pili, basi moja la kuwatoa wachezaji wa Nakivale na kuwafikisha Kakyeka siku ambayo si ya wakimbizi, ingegharimu mafuta, chakula cha mchana na barua moja kutoka kwa ofisa utamaduni wa wilaya.